Mfuko wa fidia ukikaa kupanga mambo, na sisi tulioumia tuitwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo nimekaa nalo moyoni muda mrefu, na naomba usilikate sana hata kama ni refu, kwa sababu sisi watu wa huku porini hatupati nafasi ya kusema mara kwa mara.

Mimi ni fundi wa mashine za mbao, nipo Mafinga, wilaya ya Mufindi. Mkono wangu wa kushoto una vidole viwili tu, gumba na cha mwisho. Vingine vitatu vilibaki msituni mwaka 2019 kwenye ding dong. Kwa wasioijua, ding dong ni ile mashine ya kupasulia magogo yenye msumeno wa duara, mnaihamisha mnakwenda nayo kwenye kitalu mlichopewa kuvuna, mnaifunga chini, mnawasha injini mnaanza kazi. Ukipita barabara ya huku kwenye shamba la miti la Sao Hill unaisikia kabla hujaiona. Ikiwa na kinga na fundi hajachoka haina shida, ila ikiwa kinga ilishatolewa siku nyingi ili kazi iende haraka na nyie mmeanza saa kumi na moja alfajiri, gogo likiruka kidogo tu basi imeisha.

Nilipoumia tajiri wangu, simtaji, alinipeleka hospitali na akalipa, hilo namshukuru, alafu baada ya wiki mbili akaja nyumbani na laki mbili akamwambia mama watoto tuyamalize kifamilia, kwamba mambo ya serikali yana mzunguko mrefu na yeye atanipa kazi nyepesi nikipona. Tukazipokea maana ndani hamna kitu. Ni kaka mmoja tuliyelazwa naye wodini, yeye alikuwa ameanguka kwenye jengo, ndiye aliniuliza hivi wewe tajiri yako ameripoti kwenye mfuko wa fidia? Nikamwambia mfuko gani, mimi najua NSSF. Yaani nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine inayokata watu na sijui kama kuna mfuko wa watu waliokatwa.

Mwishowe nilifuatilia mwenyewe, tajiri akabanwa akaandika zile fomu, nikapimwa na daktari nikapewa asilimia yangu ya ulemavu, nikalipwa. Hela iliingia benki na nilijengea vyumba viwili. Kwa hiyo nisieleweke vibaya, mimi sio mtu wa kuutukana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mimi ni mtu uliyemsaidia, na ndiyo maana naujali, na ndiyo maana nataka usikilize watu kama mimi kabla haujaamua mambo na sio baada.

Kwanza tukumbushane tulikotoka, vijana wengi hawajui. Kabla ya mfuko huu tulikuwa tunatumia sheria ya tangu enzi za mkoloni, ambayo mtu akipata ulemavu wa kudumu kazini kiwango cha juu kabisa cha fidia kilikuwa shilingi 108,000, na akifa familia inapata shilingi 83,000. Hizo sio za mwezi, ndiyo zote. Mtu amekufa kwenye mgodi ama kwenye jengo, mke na watoto wanapewa elfu themanini na tatu, haifiki hata kununulia jeneza la maana na kusafirisha mwili. Ndipo ikaja Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, mfuko wenyewe ukaanza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Sasa hivi ukiumia na huwezi kufanya kazi kwa muda unalipwa asilimia 70 ya mshahara wako mpaka miezi 24, ukipata ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 unapata pensheni ya kila mwezi, ukiwa ni asilimia 30 kushuka chini unapewa kwa mkupuo. Matibabu yapo, utengamao upo, yaani kusaidiwa kurudi kwenye kazi na maisha yako, mazishi yapo, wategemezi wanalipwa. Na mfanyakazi hakatwi hata senti moja, mchango wote ni wa mwajiri. Ni hatua kubwa sana hiyo, asikudanganye mtu.

Sasa nikuoneshe sikio la serikali likisikia kinatokea nini. Mfuko ulipoanza, mwajiri wa sekta binafsi alikuwa anachangia asilimia 1 ya mishahara yote anayolipa na serikali kwa watu wake asilimia 0.5. Waajiri wakalalamika miaka na miaka, kwenye mabaraza ya biashara, kwa mawaziri, kwenye magazeti, kila mahali wanasema mzigo mkubwa. Wakasikilizwa. Julai 2021 ikashuka ikawa asilimia 0.6, mwaka uliofuata, 2022, ikawa 0.5 sawa na serikali. Mimi sina kinyongo na hilo kabisa. Wenye viwanda wana chama chao, wana wanasheria, wana watu wanaoandika ripoti na takwimu, wakaongea wakaeleweka, na mwajiri mdogo mwenye watu sita naye akapumua. Ninachosema ni kwamba mambo haya yanabadilika watu wakisema, sio maandiko matakatifu. Kama kiwango cha mchango kimeweza kushuka mara mbili ndani ya miaka miwili kwa sababu wanaochangia walipata pa kusemea, basi na wanaolipwa wapate pa kusemea, na wasemee mahali ambapo maneno yao yanaandikwa na mtu anayeweza kufanya kitu.

Najua nitajibiwa kwamba wafanyakazi wanawakilishwa. Ni kweli kwenye bodi ya wadhamini kuna wawakilishi wa wafanyakazi na wa waajiri pamoja na serikali, ndiyo huo wanaouita utatu. Nchi yetu iliridhia mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 144 wa mashauriano ya utatu tangu mwaka 1983, na lipo Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii kwa sheria ya 2004. Huo mfumo ni mzuri, nauheshimu, na viongozi wa TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na vyama vyake wamepigana sana mpaka tukafika hapa. Ila tuulizane ukweli jamani, kijana wa deiwaka anayepakia mbao kwenye semi hapa Mafinga chama chake ni kipi? Mama anayebeba magogo madogo kichwani analipwa kwa kichwa, kadi ya chama ameitoa wapi? Saidia fundi wa saiti ya ghorofa Dodoma ambaye leo yuko kwa mkandarasi huyu wiki ijayo kwa mwingine, nani anamwakilisha? Na hao ndio wanaoumia zaidi maana wanapewa kazi ambayo mwenye mkataba ameikataa. Mwakilishi wa chama hawezi kusema shida ya mtu ambaye hayumo kwenye chama, sio kwa ubaya, ni kwa vile haijui.

Nitoe mfano wa kitu ambacho ukikaa ofisini hukioni. Fidia inapigwa kwa mshahara. Kama mwajiri anakulipa laki nne lakini kwenye karatasi anaandika laki moja na nusu ili mchango uwe mdogo, siku ukiumia ile asilimia 70 haitokani na laki nne, inatokana na kile alichoandika. Badala ya kupata 280,000 kwa mwezi unapata 105,000. Mimi ndivyo ilivyonikuta, nilikuja kujua nikiwa tayari nimefungwa bandeji. Na tajiri ukimuuliza anakwambia zile nyingine zilikuwa posho. Sasa NSSF mtu anaweza kuomba taarifa yake akaona michango, kwa sababu na yeye anakatwa kwahiyo ana uchungu nayo. Huku kwenye fidia mfanyakazi hakatwi, kwahiyo hana habari, halafu sasa ule wema wa kutokatwa unageuka kuwa giza. Dawa yake mbona ni ndogo, mfanyakazi atumiwe ujumbe wa simu mara mbili kwa mwaka, mwajiri wako amekuandikisha kwa mshahara wa kiasi hiki, kama sio kweli piga namba hii. Simu kila mtu anayo hata huku kitaluni. Wazo hili sijalitoa chuoni, nimelitoa kwenye vidole vyangu, na nina hakika kila aliyeumia ana lake. Mtu wa mgodini Geita ana lake, mama wa mashamba ya chai hapa hapa Mufindi ana lake, dereva wa masafa marefu ana lake.

Na mjane je? Huyu ndiye anayeniuma zaidi. Mwanaume amekufa kazini, ameoa kimila, mahari ilitoka, wazee walikula, watoto wanne wapo, ila cheti cha ndoa hamna na watoto wawili hawana vyeti vya kuzaliwa. Alafu ndugu wa marehemu wanatokea na kikao cha ukoo chao. Ukitaka kutunga kanuni za wategemezi ambazo zinafanya kazi kijijini, mtu wa kumuuliza ni huyo mama, atakwambia karatasi ipi inapatikana kwa mtendaji wa kijiji, ipi inahitaji kwenda wilayani siku tatu na nauli, na ipi haipatikani kabisa. Mwanasheria atakwambia sheria inasema nini, lakini njia ya kuifikia hiyo haki anaijua aliyeitembea na mtoto mgongoni.

Halafu kuna magonjwa. Ajali inaonekana, damu inaonekana, ugonjwa wa kazini hauonekani. Babu yangu wa upande wa mama, mtu wa Rungwe, alikuwa mmoja wa wale waliokwenda Wenela, kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Wazee wa Mbeya na Tukuyu mnajua naongelea nini. Alirudi na baiskeli, blanketi na koti zuri, na kifua. Alikohoa mpaka anakufa na sisi watoto tuliambiwa amerogwa na wenzake kwa wivu wa hilo koti. Nimekuja kujua ukubwani kwamba vumbi la mawe linakaa kwenye mapafu halitoki, na wachimbaji wengi sana wa kule liliwaua hivyo hivyo. Hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyemlipa, na yeye mwenyewe hakujua kama kuna kitu cha kudai. Leo vijana wetu wanameza vumbi la mbao na moshi wa injini, wengine wanapaka dawa za kuhifadhi nguzo za umeme mikono mitupu, ukimuuliza kifua anakwambia baridi ya Mafinga. Huyu hatakuja mwenyewe kuomba fidia ya ugonjwa wa kazi, hajui kama ni wa kazi. Lazima afuatwe aulizwe, unafanya kazi gani, unavuta nini, umeanza kukohoa lini. Na daktari wa hospitali ya wilaya naye aulizwe, kwa sababu ndiye anawaona wa kwanza na wakati mwingine foleni imejaa mpaka nje, hana muda wa kumuuliza mgonjwa kazi yake.

Ndiyo maana nasema neno wadau lisiishie kwa watu wenye mialiko. Semina ya hotelini ya siku moja yenye begi na kalamu na picha ya pamoja, watu wale wale, wanaitwa kuelezwa kitu ambacho kimeshaamuliwa, hiyo ni kutoa taarifa, sio kushirikisha. Kushirikisha ni kuja na karatasi ambayo bado ina nafasi ya kuandika. Ukija na kanuni zimeshapigwa chapa unataka maoni yangu ya nini?

Wenzetu Ujerumani, ambao walianza mambo ya bima ya ajali kazini tangu 1884 na ndiyo waanzilishi kwa dunia nzima, vyombo vyao vya fidia kwenye viwanda vinaongozwa na baraza ambalo nusu ni waajiri na nusu ni wafanyakazi, wanakaa wanapanga michango na wanapanga kanuni za usalama za kila sekta, watu wa mbao na za mbao, watu wa ujenzi na za ujenzi. Sisemi tuige kila kitu, wao wana zaidi ya miaka 100 na sisi mfuko wetu umri wake bado ni wa mtoto wa shule. Ila lile la kila sekta kuongea mambo yake nalipenda sana, maana ding dong na kiwanda cha soda ni vitu viwili mbalimbali, ukivichanganya kwenye kikao kimoja cha Dar es Salaam wa ding dong atakaa kimya mpaka mwisho ale chakula aondoke.

Mimi ningeomba hivi. Kila kanuni mpya kabla haijapitishwa, rasimu yake itoke kwa Kiswahili, Kiswahili cha kueleweka, ibandikwe kwenye ofisi za kata na kwenye mageti ya viwanda na itumwe kwa simu kwa kifupi, watu wapewe muda wa kutosha kama miezi miwili. Bunge lenyewe mwaka 2021 lilishapitisha kwamba lugha ya sheria iwe Kiswahili, kwahiyo hilo halina mjadala. Alafu mikutano ifuatwe kule watu walipo, Mafinga wajue siku ya mnada hakuna anayefanya kazi mchana, waje siku hiyo, hawahitaji hema wala spika kubwa. Na kwenye kamati zinazoshauri mfuko wawekwe watu walioumia kazini, na sio mmoja wa kupambia, angalau wawili watatu, pamoja na mjane mmoja, na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, wahusishwe maana sisi tuliopata ulemavu kazini siku hiyo hiyo tumeingia kwenye kundi lao. Walipwe nauli na siku yao ya kazi, kwa sababu kibarua ukimwita kikao bure umemnyima ugali wa jioni.

Waajiri wadogo pia waitwe, tena kwa upole. Huku mwenye ding dong wengi wao sio matajiri kivile, mashine yenyewe ya mkopo, ana vijana sita, hajasoma sana, akisikia mfuko anafikiria faini anajificha. Niliwahi kukaa na mmoja tukaongea mpaka usiku, nikamwonesha kwamba nusu asilimia ya mishahara ya vijana wake sita haifiki hata hela ya dizeli ya siku moja, na kijana akikatwa mkono ni mfuko ndio unabeba mzigo na yeye hafilisiki. Akashangaa. Akasema mbona hakuna aliyekuja kuniambia hivi, wanakuja na karatasi za kudai tu. Yule sasa amejiandikisha. Mtu mmoja, kwa maongezi ya usiku mmoja na chai ya rangi.

Na jambo la mwisho katika hayo ni mrejesho. Watu wakitoa maoni waambiwe yamekwenda wapi. Mmesema vitu kumi, vitano tumevichukua, vitatu havikuwezekana kwa sababu hii na hii, viwili tunavifanyia kazi. Mtu akijibiwa hivyo hata kama lake limekataliwa atakuja tena mwakani. Akikaa kimya mwaka mzima bila kusikia chochote, ukimwita tena atakwambia nendeni nyie. Hesabu za mfuko nazo, tumekusanya kiasi gani na tumelipa watu wangapi wa sekta ipi, zisomwe kwa lugha ambayo kibarua anaelewa, kwa sababu pale ndipo anaona kumbe watu wa mbao tunaumia wangapi, na akiona hivyo kesho hatakubali kinga ya msumeno itolewe.

Mhariri, nakuandikia haya leo kwa sababu kuna kijana hapa mtaani kwetu, ana miaka ishirini na kitu, aliangukiwa na gogo wakati wa kupakia, mguu haujakaa sawa mpaka leo anatembelea gongo. Alikuwa deiwaka, tajiri wake anasema hamjui. Sheria inatoa miezi 12 ya kupeleka madai na kwake imebaki miezi miwili tu na siku kadhaa. Nimeshaandika majina ya wenzake wanne waliokuwepo siku ile, wawili wamekubali kuandika maelezo na wawili wanaogopa kukosa kazi. Jumatatu asubuhi mimi na yeye tunapanda basi la kwanza kwenda Iringa mjini na hizo karatasi mbili, na hawa wawili waliobaki nitaenda tena kuongea nao Jumapili baada ya ibada.

Mpasua mbao,
Mafinga, Iringa